Maswali ya wasomaji: Baki ya kwenye simu hailingani na ya stoo

Safari hii tumekusanya maswali kuhusu AppSheet, jukwaa la Google la kutengenezea programu za biashara bila kuandika msimbo mwingi wa kompyuta. Tunaposema safu tunamaanisha ile ya wima. Ya mlalo tunaiita mstari.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Programu yangu inasoma Google Sheets, jedwali moja la Bidhaa lenye safu ya Baki. Muuzaji akiuza, anafungua bidhaa na kuandika baki mpya. Asubuhi saruji ilikuwa mifuko 50. Jioni simu inasema 40, stoo ina 33. Je, kuna mwizi?

Usimshuku mtu kabla hujalitazama jedwali. Muuzaji wa kwanza kauza mifuko 7, akaandika 43. Wa pili, ambaye simu yake bado inaonyesha 50, kauza 10, akaandika 40. AppSheet huweka mabadiliko kwenye simu kwanza, kisha huyapeleka kwenye jedwali, na anayefika mwisho hufuta namba ya aliyemtangulia. Mifuko 7 imepotea kwenye hesabu tu. Mtandao ukisumbua, hali hii hujirudia siku nzima.

Dawa yake ni kuacha kabisa kuandika baki kwa mkono. Andika matukio, baki ihesabiwe. Tengeneza majedwali matatu: Bidhaa (BidhaaID, Jina, Bei, Mwanzo), Manunuzi (ManunuziID, Bidhaa, Idadi, Tarehe) na Mauzo (MauzoID, Bidhaa, Idadi, Bei, Muda, Muuzaji). Kwenye Manunuzi na Mauzo, safu ya Bidhaa iwe ya aina ya Ref (kiungo) inayoelekea jedwali la Bidhaa. Mwanzo ni idadi iliyokuwepo stoo siku ya kuanza.

Safu za ID ndizo ziwe Key (kitambulisho cha kipekee cha mstari), na kwenye "Initial value" (thamani inayowekwa mstari unapoundwa) uandike UNIQUEID(). Usiiweke kwenye "App formula", maana hapo kitambulisho kitabadilika kila mstari unapohaririwa na mauzo yatapoteza bidhaa yake. Wala usiiache _RowNumber (namba ya mstari) kuwa Key: ukifuta mstari wa 12, wa 13 unakuwa wa 12, na marekebisho yaliyokuwa yakisubiri kwenye simu ya mtu yanaangukia bidhaa nyingine. Mistari ya zamani haitajijaza ID yenyewe. Ijaze wewe mara moja.

Sasa ifute Baki ya zamani, uongeze safu pepe (inayohesabiwa na programu, isiyoandikwa kwenye Google Sheets) ya Baki kwenye Bidhaa:

[Mwanzo] + SUM([Related Manunuzis][Idadi]) - SUM([Related Mauzos][Idadi])

Hizo herufi s za mwisho si makosa ya uchapaji. Unapoweka Ref, AppSheet hujitengenezea orodha hizo na kuyapa majina wingi wa Kiingereza. Ungeweza kutumia SELECT, lakini hiyo hupekua jedwali zima la Mauzo kwa kila bidhaa, na mauzo yakifika maelfu utaona simu inachelewa kusawazisha (kubadilishana data na jedwali).

Bei kwenye Mauzo ichukuliwe kwa "Initial value" ya [Bidhaa].[Bei], ili ibaki ile ya siku ya kuuza. Ukiifanya safu pepe, siku saruji inapopanda risiti zote za nyuma zinapanda nayo.

Kuzuia kuuza kisichopo, weka kwenye Idadi, sehemu ya "Valid If": [Idadi] <= [Bidhaa].[Baki]. Kizuizi hiki kina kasoro mbili. Wauzaji wawili wasio na mtandao bado wanaweza kuuza mfuko uleule wa mwisho. Baki itasoma hasi, nawe iache ionekane, kwani ndiyo inayokuonyesha pa kwenda kuhesabu. Pili, ukihariri mauzo ya zamani, idadi yake imekwisha kutolewa kwenye baki, hivyo hata sahihisho la haki linaweza kukataliwa. Kwa maoni yetu, jedwali la Mauzo liruhusu kuongeza tu, bila kuhariri wala kufuta. Mteja akirudisha mifuko 2, andika mauzo ya -2.

SWALI: Mauzo ya tarehe 5 Machi yanaonekana ya 3 Mei. Nifanye nini?

Jedwali linasoma tarehe Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Kwenye Google Sheets fungua File, kisha Settings, ubadilishe "Locale" iwe Uingereza. Halafu ndani ya AppSheet, kwenye mipangilio ya kila jedwali, weka Locale hiyohiyo. Tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazitajirudi. Zikague zote ambazo siku yake ni kati ya 1 na 12.

SWALI: Niko Nakuru. Kodi moja ya M-Pesa (namba ya muamala) inaandikwa kwenye mauzo mawili. Naweza kuzuia?

Ndiyo. Safu ya KodiMpesa iwe Text, na "Valid If" iwe:

AND(LEN([_THIS]) = 10, NOT(IN([_THIS], SELECT(Mauzo[KodiMpesa], [MauzoID] <> [_THISROW].[MauzoID]))))

Fomula hii huona tu mauzo yaliyomo kwenye simu husika, kwa hiyo simu isiyosawazishwa itaipitisha kodi iliyotumika kwingine. Wala haithibitishi kwamba pesa imeingia. Hilo linganisha na taarifa ya akaunti ya biashara, kamwe si na ujumbe ulio kwenye simu ya mteja.

SWALI: Nimetumia slice (sehemu ya jedwali iliyochujwa) ili kila tawi lione mauzo yake tu. Inatosha?

Haitoshi. Slice huficha kwenye kioo, ila data yote imeshapakuliwa kwenye simu. Washa kuingia kwa akaunti, uwe na jedwali la Wafanyakazi lenye barua pepe na tawi la kila mmoja, kisha kwenye "Security filters" ya kila jedwali lenye safu ya Tawi uandike:

[Tawi] = LOOKUP(USEREMAIL(), "Wafanyakazi", "BaruaPepe", "Tawi")

Kila tawi liwe na mistari yake ya Bidhaa. Vinginevyo Mwanzo utakuwa wa matawi yote na mauzo ya tawi moja, na baki itadanganya tena. Na kama uliwapa wafanyakazi ruhusa ya kufungua Google Sheets yenyewe, iondoe leo, maana vichujio hivi havifanyi kazi huko. Programu husoma jedwali kwa akaunti yako wewe mwenye programu. Wao hawahitaji ruhusa hiyo.