Java si sharti la uchambuzi wa mifumo

Ndugu, umeuliza kama ni lazima kujua Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kabla ya kujifunza uchambuzi wa mifumo kwa njia ya objekti, yaani kuutazama mfumo kama vitu vinavyoshirikiana. Hapana, huhitaji, kwa kuwa hatua hiyo huichunguza kazi yenyewe kabla ya kodi yoyote ya programu kuandikwa. Ukichambua uuzaji wa tiketi za boti kati ya Bukavu na Goma, utapata objekti hizi: abiria, tiketi, safari na boti. Kiti ni cha boti, lakini kushikwa kwake ni jambo la safari moja tu, na hapo ndipo wengi hukwama. Michoro ya UML, yaani mtindo sanifu wa kuchora mifumo, uliopitishwa na OMG, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 1997, haifungamani na lugha yoyote. Lugha huanza kuwa na uzito kwenye usanifu, yaani kupanga jinsi programu itakavyojengwa: Java hairuhusu klasi moja (kiolezo cha kuundia objekti) kurithi sifa za klasi mbili, ilhali lugha ya C++ huruhusu.