Bunduki ya hewa ya springi kwa mlengaji mdogo: angalia uzito wa kukoki kwanza

Anayemnunulia bunduki ya hewa mtoto wa miaka 11, au mtu mzima mwenye umbo dogo, mara nyingi huvutwa na namba kubwa iliyo kwenye boksi: futi 1,000 au 1,200 kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo itakayomchosha mlengaji wake. Bunduki ya springi haina nguvu nyingine yoyote isipokuwa ile ya mkono unaoikoki. Kukoki ni hivi: ukikunja mtutu, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi. Ukivuta triga, springi inaifyatua pistoni mbele, hewa inabanwa ndani ya silinda na kuirusha peleti, yaani kirisasi kidogo cha bunduki ya hewa. Chini ya nusu ya nguvu uliyoitia ndiyo huondoka na peleti. Iliyobaki huishia kwenye joto, msuguano na mtikisiko. Kila joule (kipimo cha nishati) ya ziada inayotoka mtutuni imetolewa na bega la mtoto, tena zaidi ya maradufu.

Bunduki za springi zinazosifiwa kwa spidi kubwa hudai kilo 18 hadi 23 kwenye ncha ya mtutu. Zile za joule 16 hivi, ambacho ndicho kikomo cha Uingereza kwa bunduki ya hewa isiyohitaji cheti cha silaha za moto, nyingi huwa kati ya kilo 13 na 16. Za joule 7 hukokika kwa kilo 9 au 10. Tofauti hii haionekani kwenye shuti la kwanza, maana mtoto mwenye hamu atajikaza. Piga hesabu ya mashuti 50: kwa kilo 20 kila moja, mkono umevuta tani nzima, kwa kilo 9, ni kilo 450. Mtoto aliyechoka hutetemeka anapolenga, na hapo wakubwa humlaumu kwamba hana shabaha wakati kilichomshinda ni kukoki.

Je, joule 7 zinatosha? Kwa karatasi na makopo yaliyo mbali kati ya mita 10 na 25, zinatosha kabisa. Peleti ya gramu 0.51 ikitoka kwa mita 170 kwa sekunde hubeba joule 7 na ushee. Ujerumani kikomo cha bunduki ya hewa inayouzwa bila leseni kwa mtu wa miaka 18 na zaidi ni joule 7.5, na bunduki hizo hupigwa chapa ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Ndiyo maana viwanda vya Kijerumani vimezoea kutengeneza bunduki za nguvu ndogo zenye mtutu mzuri na triga nzuri, si vitu vya kuchezea. Mlengaji mdogo atafutiwe huko.

Bunduki ambayo ingetangulia kwenye orodha yoyote ya aina hii ni Weihrauch HW30S, inayotengenezwa Mellrichstadt, Bavaria. Marekani imejulikana zaidi kwa jina la Beeman R7. Ina uzito wa kilo 2.5 hivi na urefu unaokaribia mita moja. Mtutu hufungwa kwa gololi yenye springi, kwa hiyo kuufungua hakuhitaji kipigo kikali. Nunua yenye herufi S, kwa kuwa ndiyo yenye triga ya Rekord, na triga laini humsaidia mwenye vidole vidogo kuliko nguvu yoyote ya ziada. Bei yake si ya chini, lakini mtoto akikua haiachi. Watu wazima wengi huitumia miaka yote. Anayependa vitu vya mitumba atafute Diana 27 ya zamani, ambayo Marekani iliuzwa pia kama Winchester 427 na Hy-Score 807. Inakokika kirahisi vilevile, ila kagua kwanza sili ya pistoni, ile inayozuia hewa kuvuja.

Daisy Red Ryder ni nyepesi, kama kilo moja tu, nayo hukokiwa kwa wenzo wa chini. Lakini hurusha gololi za chuma kwenye mtutu usio na mifereji ya ndani ya kuizungusha risasi. Gololi hizo hazigandi kwenye kitu kigumu, hurudi. Inafaa kwa makopo, miwani ya kinga ikiwa usoni. Haifundishi shabaha.

Sasa urefu wa mtutu. Kwenye bunduki ya kukunja, mtutu ndio wenzo. Mifano mifupi huonekana kama imekatwa kwa ajili ya watoto, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukivuta sentimita 30 kutoka kwenye bawaba badala ya 40, kazi ni ileile lakini mkono unadaiwa nguvu zaidi kwa theluthi moja. Chukua mtutu mrefu, hata kama bunduki inaonekana ndefu kuliko mwenyewe. Bomba la ncha ya mtutu, au kizuia sauti pale sheria inaporuhusu, huongeza urefu wa wenzo na kumpa mahali pazuri pa kushika bila kubonyezwa na saiti (kilengeo) ya mbele.

Usishawishike na bunduki zenye silinda ya gesi badala ya springi ya kujipinda. Zina sifa zake, lakini gesi imekwisha kubanwa tangu kiwandani, hivyo uzito unakuja wote tangu mwanzo wa mkunjo, pale ambapo mkono wa mtoto uko juu na hauna nguvu. Springi huanza taratibu kisha huongezeka.

Bunduki za wenzo wa chini, kama Air Arms TX200 na HW97K, ni sahihi sana, lakini zina uzito wa kilo 4 hivi kabla hujafunga darubini. Pia peleti huwekwa kwa kidole mbele ya silinda inayoteleza. Silinda hiyo ikichomoka kidole kikiwa ndani, inakikata. Hizo zingoje.

Kipimo cha kitako ni muhimu sawa na cha kukoki. Mlengaji akunje kiwiko nyuzi 90, uweke kitako kwenye mkunjo wa kiwiko. Kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kisha aishike kama anayelenga, akiwa amesimama, kwa nusu dakika. Akianza kuegemea nyuma huku kiuno kikitokeza mbele, bunduki ni nzito au kitako ni kirefu. Kitako kirefu hupunguzwa na fundi wa mbao, na kipande kilichokatwa hutunzwa kirudishwe baadaye. Uzito haupunguziki.

Ukitaka kujua uzito halisi wa kukoki, tumia mizani ya kupimia mwili. Weka kitambaa kinene juu yake, fungua mtutu kidogo, simamisha ncha kwenye mizani na usukume bunduki chini mpaka usikie mlio wa kunasa. Mwenzio asome namba ya juu kabisa. Kidole kisiwe karibu na triga, na ukimaliza weka peleti uifyatue kwenye shabaha. Kufyatua bila peleti huipigiza pistoni kwenye ncha ya silinda na kuharibu sili na springi.

Kukoki kwenyewe kuna namna yake. Kitako kiegemezwe kwenye paja, karibu na nyonga, bunduki ikielekezwa kwenye shabaha. Mkono wa kulia ushike shingo ya kitako, kidole nje ya triga. Mkono wa kushoto ugonge ubavu wa mtutu, usifunike tundu, kisha ushike ncha kabisa na kuvuta chini kwa mwendo mmoja hadi mlio usikike. Akipumzika katikati, atashindwa kuendelea, na mtutu ukimponyoka utaruka juu kwa nguvu ya kuumiza vidole na kupinda mtutu wenyewe. Mkono wa kushoto hauachii mtutu mpaka peleti iingie na mtutu ufungwe. Sheria hii haina msamaha. Kama mashuti kumi ya mwisho anayakoki kwa kujipinda mgongo, mtu mzima amkokie, amkabidhi bunduki iliyofungwa na sefti ikiwa imewekwa. Hakuna aibu hapo.

Darubini isubiri. Huongeza nusu kilo juu, na mtikisiko wa springi, unaopiga mbele na nyuma, huvunja darubini ambazo hazikutengenezwa kwa bunduki ya hewa. Saiti za kawaida na mita 10 zinatosha kuanzia. Bunduki iachwe ilale juu ya kiganja bila kubanwa. Ukiibana, peleti hutawanyika. Tumia peleti za madini ya risasi za gramu 0.45 hadi 0.55, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kuhusu sheria, usinunue kabla ya kuuliza. Uingereza mnunuzi lazima awe na miaka 18, na aliye chini ya miaka 14 husimamiwa na mtu wa miaka 21 au zaidi. Scotland wanadai cheti cha bunduki ya hewa tangu mwisho wa 2016. Aliye Kenya au Tanzania aende polisi, idara ya leseni za silaha, kabla hajaagiza chochote kutoka nje.

Bunduki iliyokuwa nyepesi ikianza kuwa nzito, tafuta ukavu. Tia grisi ya molibdenamu, kiasi cha punje ya mchele, kwenye bawaba ya mtutu na pale wenzo unaposugua chini ya silinda. Usitie mafuta ya injini kwenye tundu la hewa: yatawaka yanapobanwa, yatapiga mlio mkubwa na kuunguza sili. Ikiwa bado ni nzito na unasikia mkwaruzo, huenda springi imepinda au imevunjika, na hiyo apelekewe fundi mwenye kibanio cha springi, kwa sababu ikifunguliwa kwa mikono mitupu huruka usoni.