Ukitaka kuwa wakili wa hataza, usiikimbie maabara

Vipande viwili vya udongo wa kuchoma vilikaa juu ya meza yangu Kampala karibu mwaka mzima. Kimoja kilitoka kwenye sigiri, yaani jiko la mkaa, ya mteja wangu, fundi mzee wa Arua mwenye hataza yake, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi huo. Kingine kilitoka kwenye sigiri ya mshindani tuliyekuwa tunamshtaki. Ukivitazama unaona kitu kimoja: vyekundu, vyepesi, vimejaa vitundu. Kesi yote ilikuwa kwenye vitundu hivyo. Hewa inayonaswa humo huzuia joto lisitoroke, na maharage yanaiva kwa mkaa kidogo.

Nawaandikia vijana mliosoma kemia, biolojia au uhandisi na sasa sheria inawavuta. Mnaniuliza kila mara kama miaka ile ya maabara itakuwa imepotea. Mimi niliipitia njia hiyo: shahada ya kemia, kazi ya kupima ubora kiwandani, sheria kwa masomo ya jioni, kisha LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, na kuapishwa. Ni safari ndefu, na inagharimu. Haikupotea hata siku moja.

Mzee alikuja ofisini tukaongea Kiswahili chetu cha West Nile. "Binti yangu, huyu mtu amekula jasho langu." Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini hataza hailindi jasho. Inalinda maneno yaliyoandikwa kwenye sehemu ya madai, yaani sentensi za hataza zinazotaja hasa kinacholindwa, na ili useme fulani ameivunja, lazima kila kipengele cha dai ukikute kwenye bidhaa yake. Dai la mzee lilisema "udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na unga wa mbao". Mshindani wake alitumia pumba za mpunga.

Hapo ndipo kemia ilipoamka. Unga wa mbao ukiingia tanuruni huungua karibu wote, unaacha tundu tupu. Pumba za mpunga zina silika nyingi, madini yasiyoungua, kwa hiyo huacha majivu meupe ndani ya tundu. Nilivunja vile vipande nikavitazama kwa lenzi ya mkononi. Cha mzee kilikuwa kitupu, cha mwenzake kilikuwa na weupe kama chokaa. Nikajua tuna shida kabla wakili wa upande wa pili hajajua, nikamwambia mzee siku ileile. Wakili asiye na sayansi angeisubiri ripoti ya mtaalamu kwa miezi, na mteja angekuwa ameshauza ng'ombe kulipia kesi.

Tulibaki na hoja moja nzuri, kwamba vitundu vinafanya kazi ileile kwa namna ileile. Nilitaka kuona kama mtu wa kawaida ataielewa, kwa sababu jaji hakusomea kemia, na si kazi yake kuisomea. Nikamweleza shangazi yangu jikoni. Alinisikiliza, akasema, "Kumbe ni kama andazi lililoumuka." Nilizunguka wiki nzima na michoro, yeye akaimaliza kwa neno moja. Tangu hapo kila hoja ya kisayansi naipitisha kwake kwanza.

Kesi za madai huku, yaani zisizo za jinai, hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, kwa kanuni za mwaka 2013, na yetu iliishia huko. Mshindani alikubali kumlipa mzee kiasi kwa kila sigiri. Mzee hakupata yote aliyoyataka, na mimi nilijua sababu: kesi ilidhoofika siku aliyeandika lile dai alipochagua neno "mbao". Kwa hiyo hata kama ndoto yako ni kusimama mahakamani, jifunze kuandika madai. Nenda URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, usome hataza zilizotolewa. Soma za ARIPO pia, shirika la mali ubunifu la nchi kadhaa za Afrika. Chukua dai moja, likate vipande, jiulize ungelikwepa vipi.

Kuna tabia moja ya maabara itakayokusumbua. Sisi tumefundishwa kusema "tupime tena". Mahakama haiwezi kupima milele. Katika kesi za madai inauliza upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ilinichukua muda kukubali kwamba jibu la namna hiyo nalo ni la haki. Tabia ya kuandika tarehe na sahihi kwenye kila ukurasa wa daftari, hiyo ibebe kama ilivyo. Itakuokoa.

Niwe mkweli kuhusu mkate. Kesi za hataza Uganda ni chache sana. Ukizitegemea peke yake utalala njaa. Wengi wetu tunaishi kwa alama za biashara na mikataba. Mimi nilidhani kemia itanipeleka kwenye hataza za dawa. Kumbe sheria yetu ya mali ya viwandani ya mwaka 2014 haitoi hataza kwa dawa, ikitumia ruhusa ya nchi zenye maendeleo duni chini ya Shirika la Biashara Duniani, ambayo imeongezwa hadi 2033. Niliumia kidogo, halafu nikakumbuka dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zinazotengenezwa Luzira, na watu ninaowajua ambao wako hai kwa sababu ya dawa hizo. Soma sheria ya nchi yako kabla hujachagua uwanja. Marekani, kwa mfano, huruhusiwi kufanya mtihani wa ofisi yao ya hataza bila msingi wa sayansi au uhandisi, isipokuwa ukitaka kushughulikia hataza za muundo wa bidhaa tu, ingawa kusimama mahakamani kwenye kesi ya hataza hakudai mtihani huo.

Mwaka jana mzee alirudi na sigiri mpya, yenye mlango wa hewa unaojifunga wenyewe moto ukikolea. Swali langu la kwanza lilikuwa kama ameuza hata moja, maana kitu kilichokwisha kuzagaa sokoni hakina upya tena. Hajauza. Tulikaa siku tatu tukiandika dai la kwanza la hataza hii mpya. Kila alipotaja sehemu, nilimuuliza, "Na mtu akitumia bati badala ya chuma?" Siku ya tatu alianza kuniuliza yeye.