Mashua hainunuliwi kwa samaki wa kaskazi moja

Jumamosi iliyopita baada ya alasiri, barazani kwetu Mkomani, hapa Amu (Lamu), vijana wawili wa chama chetu cha kuwekeza kwenye hisa waliniletea simu zao kama watu waliookota lulu. "Ami, tazama hii. P/E yake ni 3.8. Bei ya bure kabisa!" P/E ni bei ya hisa moja ukiigawa kwa faida ya hisa hiyo kwa mwaka. Nikawauliza faida waliyoitumia ni ya mwaka gani. Ya mwaka jana. Na mwaka juzi je? Wakatazamana. "Mwaka juzi ilikuwa hasara," akasema mmoja, "lakini hiyo imeshapita."

Sikuwagombeza pale pale, maana kahawa ilikuwa imeshamiminwa na wazee walikuwa wametega masikio. Nagomba hapa. Hili ni kosa la tano la aina hiyo tangu Ramadhani, na wote mliolifanya nawapenda, ndiyo maana sitawataja.

1. Mwaka mmoja ni msimu mmoja.

Ukienda gatini mwezi wa Februari, katikati ya kaskazi, kununua mashua, mwenyewe atakufungulia daftari la wiki tatu zilizopita: nguru, jodari, barafu inakwisha kabla ya samaki. Hutamlipa kwa hesabu hiyo. Utamuuliza kusi alipata nini, mwaka wa nyuma yake alipata nini, na injini imefunguliwa mara ngapi. Watoto wa Amu mnayajua hayo bila kufundishwa na mtu. Kisha mnafungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa, na zile akili mnaziacha pale pale gatini.

Wazo hili si langu, ni la zamani. Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa uwekezaji wa Marekani, waliandika mwaka 1934 kwamba faida ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na bora saba au kumi. Mwaka 1988 wachumi John Campbell na Robert Shiller wakalifanyia kazi kwa takwimu ndefu za Marekani: chukua faida ya kila mwaka kwa miaka kumi, ipandishe kwa mfumuko wa bei mpaka iwe fedha za leo, tafuta wastani, kisha gawa bei ya hisa kwa wastani huo. Ndicho kipimo mnachokiona kikiitwa CAPE, au P/E ya Shiller. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Mkitaka kuona tofauti, tazameni 2009. Mwezi wa Machi, soko la Marekani lilipogusa chini, kipimo cha miaka kumi kilikuwa kwenye 13 hivi. Miezi michache baadaye P/E ya kawaida ya soko lile lile ikapita 100. Hisa hazikuwa ghali hata kidogo. Faida ya mwaka ule ndiyo iliyoyeyuka, na ukigawa kwa namba ndogo jibu linakuwa jitu. Aliyefuata P/E ya mwaka mmoja alikimbia wakati wa kununua. Kwenu nyinyi mambo yamekuja kinyume: faida imepanda mwaka mmoja, uwiano umeteremka, na mmeona bure.

2. Shilingi haizungumzi lugha moja kila mwaka.

Novemba 2011 mfumuko wa bei hapa Kenya ulikaribia asilimia 20. Faida ya shilingi 5 kwa hisa kabla ya mwaka ule na shilingi 5 za leo hazikutani hata njiani. Kwa hiyo: faida ya mwaka, mara fahirisi ya bei ya leo, gawa kwa fahirisi ya mwaka ule. Fahirisi ni namba inayoonyesha bei za bidhaa zimepanda kiasi gani; ni ile ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, inatoka kila mwezi.

Mtego uko hapa. KNBS walibadilisha msingi: mfululizo wa zamani unaanza na Februari 2009 kuwa 100, mpya unaanza na Februari 2019 kuwa 100. Mmoja wenu alichukua namba ya 2018 kutoka mfululizo wa zamani na ya leo kutoka mpya. Faida ya 2018 ikapungua badala ya kukua, na mwenzetu hakushtuka. Ungeni mifululizo kwanza, iwe na msingi mmoja. Na mkiona Excel imetoa jibu la ajabu, simameni, msiipambe rangi.

3. Hesabuni hisa kabla hamjahesabu faida.

Hili litakuwa refu. Mwenye haraka aruke, lakini asije kulia kwangu.

Nilikuwa Mombasa, ofisini kwa dalali wa hisa, kazi yangu karatasi za wateja. Mwaka wa tatu huo, na nilikuwa nimeshajiona bingwa. Nilikuwa ndiye pekee pale ninayepima kwa miaka kumi, na nilihakikisha kila mtu anajua. Shangazi yangu wa Langoni alikuwa ameuza shamba la minazi. Alinipigia simu akasema ana shilingi 300,000 za kubadilisha boriti za dari, lakini fundi yuko Pate na hatarudi mpaka amalize nyumba nyingine. "Ziweke mahali zisiliwe," akaniambia. Nami badala ya kuziweka mahali zisiliwe, nikazitafutia mahali zizae.

Kampuni sitaitaja, haikunikosea lolote. Nilikusanya ripoti zake kumi za mwaka, zile zenyewe za karatasi, nikazipanga chini kwa mfuatano. Kutoka kila ripoti nikachukua faida kwa hisa ya mwaka wake. Mitano ya kwanza: 9, 10, 11, 12, 8. Mitano ya mwisho: 5, 6, 5, 4, 5. Nikapandisha zote kwa fahirisi, kwa uangalifu mkubwa, desimali nne. Mitano ya kwanza ikatoa wastani wa shilingi 16 kwa mwaka kwa fedha za siku ile, mitano ya mwisho shilingi 6. Wastani wa kumi: 11. Bei sokoni ilikuwa 77. Mara 7! Kampuni za aina ile nilikuwa nikizikuta kwenye 10 hadi 12.

Tena nikajitungia hadithi. Kampuni imepitia kusi kali, nikajisemea, imeshuka kutoka 16 hadi 6, lakini iliwahi kuzipata hizo 16, itarudi. Nilimweleza mwenzangu wa meza ya jirani mpaka chai yake ikapoa. Nikanunua hisa 3,800 kwa 77, jumla 292,600, kilichobaki kikaenda kwenye kamisheni na mengineyo.

Haikurudi. Kila nusu mwaka nilingoja matokeo na kila nusu mwaka yalikuwa yale yale, sita, sita kasorobo. Bei ikashuka 70, ikashuka 58. Nikasema soko halijui kitu. Gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, lilikuja mara mbili, shangazi akanunua leso na kunipelekea salamu.

Kisha ikaja ripoti mpya ya mwaka. Umeme ulikuwa umekatika, nikawa naisoma kwa tochi ya simu, nikafika ukurasa wa nyuma wenye muhtasari wa miaka. Nikaona faida kwa hisa za miaka ya zamani si zile nilizoziandika. Palipokuwa na 12 pameandikwa 6. Palipokuwa na 8 pameandikwa 4. Nikadhani ni kosa la mchapaji, wallahi. Chini ya jedwali, kwa herufi za kumkomoa mzee, palikuwa na mstari mmoja: takwimu zimerekebishwa kufuatia hisa za bonasi, moja kwa kila moja.

Mwaka wa sita katika ile kumi yangu, kampuni ilikuwa imempa kila mwenye hisa moja nyingine bure. Hisa zikawa mara mbili, faida ikabaki ile ile, faida kwa kila hisa ikakatika nusu. Mimi niliunga miaka mitano ya hisa chache na miaka mitano ya hisa nyingi kama kwamba ni kitu kimoja. Nikirekebisha, mitano ya kwanza haikuwa 16, ilikuwa 8. Wastani wa kumi ukawa 7, na 77 kwa 7 ni mara 11. Bei ya kawaida kabisa, isiyo na ubure wowote.

Lakini uwiano si ndio ulioniuma. Kilichoniuma ni ile hadithi. Hapakuwa na maporomoko kutoka 16 hadi 6 yanayongoja kurudi. Palikuwa na kampuni inayoteremka polepole kutoka 8 hadi 6 kwa fedha halisi, na iliendelea kuteremka. Mimi nilikuwa nangoja irudi mahali ambapo haikuwahi kufika.

Masika ikakaribia, fundi akarudi kutoka Pate, na dari ilikuwa imeshaanza kumwaga unga wa mchwa juu ya kitanda. Nikauza kwa 41. Shilingi 155,800. Nilishuka Amu mwenyewe nikiwa nazo bahashani, nikaketi naye jikoni, nikamweleza kila kitu, bonasi, wastani, fahirisi. Alinisikiliza huku akikanda unga wa mikate ya mofa. Nilipomaliza akasema, "Kwani mofa mmoja ukiukata mara nne au mara nane, si mofa ule ule? Na ofisini hamkuwa na mtu wa kukwambia?" Mwanamke aliyeishia chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani alilielewa kosa langu kwa sentensi moja, mimi mwenye cheti ukutani lilinichukua karibu miaka miwili. Zilizopungua nilimlipa kutoka mshahara wangu, kidogo kidogo, miaka mitatu. Hakunidai hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa zito zaidi.

Sasa somo la vitendo, mstari mmoja: anza na ripoti mpya kabisa, rudi nyuma, na popote faida kwa hisa ya mwaka fulani inapotofautiana kati ya ripoti mbili, simama utafute kwa nini. Kanuni za uhasibu zinawalazimisha wenye kampuni kurekebisha miaka wanayoilinganisha, wakitoa bonasi au wakigawanya hisa. Ripoti ya zamani kabatini haiwezi kujirekebisha.

4. Mengine ya haraka.

Miaka ya hasara inaingia kwenye wastani. Inaingia! "Hiyo imeshapita" si kanuni ya uhasibu.

Kampuni za chai na katani: kabla ya 2016 mabadiliko ya thamani ya mimea yenyewe yalikuwa yakipita kwenye faida, kisha kanuni ikabadilika. Soma maelezo kabla hujajumlisha.

Benki: riba za mikopo ziliwekewa kikomo kwa sheria kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Miaka hiyo ikiwa ndani ya kumi yako, jiulize kama wastani unaeleza benki ya leo au sheria iliyokwisha kufutwa. Na mwaka 2020 faida za benki nyingi zilishuka kwa sababu ya fedha walizotenga kwa mikopo mibovu wakati wa korona. Nakumbuka mmoja wenu alizikataa benki zote mwaka ule kwa kuwa P/E "imepanda".

Kampuni isiyo na miaka kumi haina kipimo hiki. Usiijazie miaka ya kubuni.

Geuza uwiano juu chini: mara 11 ni kama asilimia 9 kwa mwaka, juu ya mfumuko wa bei, ikiwa faida itadumu. Hapo ndipo mnaweza kulinganisha na hati za serikali, baada ya kuzitoa mfumuko wa bei nazo.

5. Kipimo hiki si saa.

Shiller na wenzake walikitumia kupima soko zima, kampuni mia kadhaa kwa pamoja, ambapo mmoja akifa mwingine anazaliwa. Mnapokibandika kwenye kampuni moja, kumbukeni kwamba kampuni moja inaweza kubadilisha biashara, au kufa tu, na wastani wa miaka kumi ukaendelea kuisifu maiti.

Na hata kwa soko zima hakisemi lini. Desemba 1996 Campbell na Shiller walikwenda kwa magavana wa benki kuu ya Marekani kueleza kwamba bei zimepaa kupita kiasi. Siku mbili baadaye mwenyekiti wao, Alan Greenspan, akatoa hotuba iliyotikisa masoko. Soko likayumba kidogo, likainuka, likapanda mpaka Machi 2000. Mwisho wa 1999 kipimo kilikuwa kimefika 44 hivi, juu ya kile cha 1929. Kwa hiyo aliyeuza siku ya hotuba alikaa zaidi ya miaka mitatu akiwatazama majirani zake wakitajirika, na sijui ni wangapi kati yenu wangeweza. Juzi mmoja wenu aliuza hisa kwa sababu jirani yake kwenye boti ya Mokowe alikunja uso.

Basi. Wale wawili wa 3.8, Jumamosi njooni na karatasi, si simu. Nataka safu tano: mwaka, idadi ya hisa, faida kwa hisa iliyorekebishwa, fahirisi, faida kwa shilingi za leo. Miaka kumi, na ule wa hasara uwe na wino kama wengine. Mimi hesabu nimeshaipiga usiku ule ule, jibu liko nyuma ya risiti ya petroli ya boti, nimelikunja mara nne na kumpa muuza kahawa alishike. Ameapa hatalifungua, ingawa ameshaniuliza mara mbili kama na yeye anunue.