Juni yako ya kwanza katika uhasibu

Kila mwaka katikati ya Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti, simu za ofisi za uhasibu huanza kuita hata kabla hajafika kwenye sehemu ya kodi, na wewe uliyeajiriwa juzi utaulizwa ni kodi ipi imepungua. Jibu sahihi ni kwamba siku hiyo hakuna iliyopungua. Yanayosomwa ni mapendekezo, ambayo huingia katika Muswada wa Sheria ya Fedha, wabunge wakayachambua, Serikali yenyewe ikaweza kuyarekebisha, na ni mpaka Rais atie saini ndipo yanapokuwa sheria, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai.

Nililijua hilo kwa aibu. Hotuba ya Juni 2021 ilipendekeza kiwango cha chini cha kodi ya mshahara (PAYE) kishuke kutoka asilimia 9 hadi 8, nami, nikiwa na miezi minne kazini, nikakibadilisha kwenye mfumo wiki ileile. Mishahara ya Juni ikatoka na makato pungufu, ikabidi hesabu ya kila mfanyakazi irudiwe kabla ya tarehe 7 Julai, siku ya mwisho ya kuwasilisha makato hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Julai ilipofika, mkuu mmoja wa idara mwenye mshahara wa shilingi milioni 3 alikuja akidai unafuu wa 30,000. Nilimchorea ngazi za kodi kwenye karatasi: kiwango kilichoshuka hugusa tu kipande cha kati ya 270,000 na 520,000, yaani 250,000, na asilimia 1 yake ni 2,500. Mwenye kipato cha 500,000 baada ya mchango wa hifadhi ya jamii alipata 2,300. Mkuu yule aliondoka bila kuridhika, lakini karatasi aliichukua.

Hotuba hiyohiyo ndiyo iliyoleta tozo ya miamala ya simu, ya shilingi 10 hadi 10,000, ambayo haikuanza tarehe 1 Julai bali tarehe 15, na Septemba viwango vyake vikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa hiyo usiishie kwenye Sheria ya Fedha. Fuatilia pia kanuni zinazotangazwa katika Gazeti la Serikali.

Ushuru wa forodha nao una njia yake. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukubaliana viwango kabla ya bajeti kusomwa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, na baadhi ya nafuu ambazo nchi hupewa ni za mwaka mmoja tu. Mteja anayeagiza mzigo utakaofika bandarini Agosti aambiwe hivyo Mei, kabla hajalipa.