Mtoa huduma akinyamazia malalamiko ya barua taka

Ndugu mwanajukwaa, umeeleza kwamba kampuni moja ya kukodisha seva umeiandikia mara nyingi kuhusu barua taka zinazotoka kwenye mtandao wake, nayo hukujibu kwa ujumbe uleule wa mashine huku barua zikiendelea kumiminika. Mimi nasimamia seva ya barua pepe ya SACCOS ambayo wanachama wake huandamwa na barua za matapeli wanaojifanya benki, na kwa niliyoyaona ushauri wangu ni huu: acha kumbembeleza asiyetaka kusikia, uwaendee wale ambao yeye mwenyewe hawezi kuwapuuza.

Kwanza hakikisha unamlalamikia mhusika halisi. Fungua vichwa kamili vya barua, yaani mistari ya safari yake ambayo kwa kawaida hufichwa, utafute mstari ulioandikwa na seva yako mwenyewe, kwa sababu mistari iliyo chini ya huo mtumaji anaweza kuibuni apendavyo. Huwa na sura hii: Received: from benki.example (unknown [203.0.113.45]). Jina linalotangulia ni dai tu la seva iliyokupigia hodi. Namba iliyo ndani ya mabano ya mraba, yaani anwani ya IP ya seva hiyo, ndiyo seva yako iliyoiona. Iulizie namba hiyo kwenye WHOIS, huduma ya umma ya kujua namba imesajiliwa kwa nani, na utaelekezwa kwa msajili wa namba wa kanda husika, AFRINIC kwa Afrika au RIPE NCC kwa Ulaya na Mashariki ya Kati, ambako anwani ya kupokea malalamiko huwa imeandikwa. Wengi humwandikia mwenye anwani iliyo kwenye nafasi ya mtumaji, ambaye mara nyingi jina lake limetumiwa bila habari yake.

Katika ripoti yenyewe weka vichwa vyote na saa pamoja na ukanda wake, lakini ufiche anwani za wapokeaji wako. Baadhi ya kampuni hizi humpelekea mteja wao malalamiko yako kama yalivyo, naye hukuondoa wewe peke yako kwenye orodha yake, akaendelea na wengine, kisha kampuni ikakuandikia kwamba suala limetatuliwa. Pia nimewahi kurudishiwa ripoti kwa sababu sanduku la malalamiko lilikuwa na kichujio cha barua taka, kikaikataa kwa kuwa ndani yake kulikuwa na nakala ya barua taka!

Desturi ya kila mtandao kuwa na anwani ya abuse, yaani ya kupokea malalamiko, imeandikwa tangu mwaka 1997 katika RFC 2142, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, lakini waraka huo haumwadhibu asiyeisoma. Wasajili wa namba nao hawamkatii mtu mtandao kwa sababu ya barua taka. Wanachoweza kukusaidia ni pale anwani iliyosajiliwa inapokuwa mbovu.

Mwenye nguvu ni anayemuuzia huyo mtoa huduma njia ya kutokea kwenye intaneti. Mnamo Novemba 2008 kampuni ya McColo ya San Jose, California, iliyokuwa ikihifadhi seva za kuongoza mitandao ya kompyuta zilizotekwa, ilikatiwa huduma na Global Crossing na Hurricane Electric baada ya mwandishi Brian Krebs wa Washington Post kuwapelekea ushahidi, na barua taka duniani zikapungua kwa zaidi ya nusu mara moja, ingawa baada ya miezi michache zilirudi. Miaka ya malalamiko kwa McColo yenyewe haikuwa imefanya hivyo. Ukitazama traceroute (amri inayoonyesha njia ya kufika kwenye namba hiyo) au namba ya AS ya mtandao husika (namba inayoutambulisha kwa mitandao mingine) utawajua wanaoulisha. Waandikie kwa ufupi, ukiambatanisha tarehe na namba za ripoti zilizopuuzwa.

Barua ikiwa na kiungo cha tovuti ya kitapeli, mwandikie pia msajili wa kikoa hicho, yaani kampuni iliyosajili jina la tovuti hiyo. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, inawalazimu wasajili wa vikoa vya kimataifa kama .com kuchukua hatua wanapopata ushahidi wa kutosha wa wizi wa taarifa au programu hasidi. Barua taka isiyobeba hayo haimo, kwa hiyo anza na utapeli, matangazo yaje baadaye. Kwangu njia hii ndiyo iliyozaa matunda upesi kuliko zote.

Wakati ukisubiri, zuia. Orodha ya DROP ya Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma barua taka, hutolewa bure na inahusu mitandao iliyo mikononi mwa wahalifu. Ukitumia orodha zao nyingine kwa njia ya DNS (mfumo wa kuulizia majina ya intaneti), weka kitatuzi chako mwenyewe, yaani seva ya kuuliza maswali hayo, maana maswali yanayopitia vitatuzi vya umma kama 8.8.8.8 cha Google hayajibiwi ipasavyo. Usizuie safu nzima ya kampuni kubwa ya wingu, la sivyo utapoteza ankara za wateja wako.

Namba ikiwa ya kampuni ya hapa nyumbani Tanzania, peleka nakala TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, au KE-CIRT kwa walio Kenya, na barua yenyewe uihifadhi kama faili ya eml na kuiambatanisha hivyo, kwa kuwa ukiisambaza kwa kawaida vichwa vyake vya awali hupotea.