Maswali Yenu: Buti za Kauboi za Bei Nafuu

Nimeona buti za ngozi za dola 250 zilizoshonwa Meksiko, na nyingine za Texas za dola 600. Hizo za bei ya chini si kazi ya kulipua? (Msomaji, Dallas)

Hapana, ndugu yangu. León, katika jimbo la Guanajuato, ni mji wa viatu: wanaotengeneza ngozi na wanaoshona wako jirani, na ufundi huo umerithishwa kwa vizazi. Hata Tecovas, kampuni ya Austin iliyoanzishwa mwaka 2015, hushonesha buti zake huko. Bei inashuka kwa sababu ngozi ni ya ng'ombe, si ya mbuni wala mamba, na kwa sababu ujira wa Meksiko ni mdogo kuliko wa Marekani. Hilo la ujira linanigusa. Ndiyo maana napenda muuzaji anayetaja karakana yake waziwazi.

Nitajuaje kama buti imeshonwa kweli au imebandikwa gundi? (Msomaji, Nakuru)

Igeuze. Kwenye kiuno cha soli, kati ya kisigino na pale soli inapopanuka, tafuta safu za vitone vidogo vya mti. Hivyo ni vijiti vilivyogongelewa kwenye matundu, vikishikilia soli kandokando ya chuma chembamba kinachobeba uwayo. Mti hunywa unyevu ukavimba pamoja na ngozi, hivyo huzidi kukaza. Msumari hushika kutu, na tundu lake hulegea.

Kisha fuata ukingo wa mbele. Utaona mkanda mwembamba wa ngozi. Kwenye buti nzuri, mkanda huo hushonwa kwanza na ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani, halafu soli ya chini hushonwa kwenye mkanda. Soli ikiisha, inafumuliwa na mwili wa buti hauguswi. Kuna mikanda ya bandia, uzi umepitishwa juu kwa macho tu. Mshono wa kweli mara nyingi utauona hata chini ya soli.

Yale maua ya uzi kwenye shingo ya buti ni urembo tu?

Ni urembo wenye kazi. Mishono hiyo huunganisha ngozi na bitana, ndipo sehemu inayopanda mguuni isimame bila kujikunja.

Kisigino changu kinapanda nikitembea. Nichukue namba ndogo zaidi? (Msomaji, Arusha)

Usichukue, dada. Buti hii haina kamba; kinachoishika ni mgongo wa uwayo, na hapo inatakiwa ibane bila kuuma. Soli ya ngozi ikiwa mpya ni ngumu kukunjika, kwa hiyo kisigino kupanda kidogo, hata sentimita moja, ni kawaida. Soli ikilainika, kupanda huko hupungua. Ngozi hutanuka kwa upana, si kwa urefu, na namba ndogo itakuumiza vidole hadi mwisho.

Nimepata buti za mtumba soko la Gikomba, Nairobi, ngozi nzima, soli imekwisha. Fundi wa mtaani ataziweza?

Ataziweza kama zina ule mkanda wa kweli. Mwambie afumue uzi wa soli tu, asiukate mkanda, na sindano ipite matundu yale yale. Akitaka kupigilia misumari pembeni, mkatalie, maana itaupasua mkanda. Akikosa soli ya ngozi, mpira mwembamba unafaa, na kwenye matope ya masika utashika vizuri zaidi.